Meinertzhagen, jasusi wa karatasi za chooni: lipi la kweli, lipi la kutunga?

Mzizima_77 (Dar es Salaam)

Wakuu, salaam. Ninaandaa kipindi cha redio cha dakika 20 kuhusu Richard Meinertzhagen, yule afisa Mwingereza aliyekuwapo kwenye vita ya Tanga 1914 kisha akaendesha ujasusi dhidi ya Wajerumani. Kila anayemwandika hutaja mambo manne: alimuua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi wa Kenya, alipata DSO, nishani ya kijeshi ya Uingereza, wapelelezi wake waliokota karatasi zilizotumika kwenye vyoo vya Wajerumani, na ule mkoba uliodondoshwa Palestina 1917 kuwahadaa Waturuki. Wengine wanasema jamaa alikuwa mwongo wa kutupwa. Lipi niliseme moja kwa moja, na lipi niliwekee "anadai"? Na hilo la vyooni, liliwezekana kiutendaji au ni porojo?

Mwanajalada

Mkuu, kabla ya matukio angalia kwanza karatasi zenyewe. Shajara zake zimehifadhiwa Oxford, na usidhani ni madaftari ya mwandiko yenye matope ya porini. Ni kurasa zilizopigwa taipu, za kuchomoa na kuchomeka. Ukurasa wa 1915 ungeweza kuchomolewa miaka arobaini baadaye, ukapigwa upya na kurudishwa mahali pake, na hakuna uzi uliokatika wa kukuonyesha pengo. Za miaka ya Kenya alizichapisha 1957, za jeshini 1960. Kwa hiyo ukikuta "leo nimemwambia jenerali hivi na hivi", jiulize hiyo leo ni ya lini.

Kukagua si kazi kubwa. Nishani za maafisa zilitangazwa kwenye London Gazette, ambalo liko mtandaoni bure. DSO yake ni ya 1916 na haina ubishi. Mashine iliyosoma kurasa za zamani hukosea herufi, na jina hili limejaa konsonanti, kwa hiyo likigoma kutokea jaribu kipande tu: "Meinertz". Wapi alikuwa na kwa cheo gani utapata Kew, London, kwenye Hifadhi ya Taifa ya nyaraka za Uingereza, ndani ya shajara za vita za vikosi, fungu WO 95. Kadi za nishani ni WO 372. Za WO 95 ziliandikwa papo kwa papo na watu wasiokuwa na sababu ya kumpamba. Jambo likiwa pande zote mbili, lisome hewani. Likiwa kwake peke yake, "anadai".

Koitalel liseme bila kigugumizi. Ni 19 Oktoba 1905, kwenye mkutano ulioitwa kwa ajili ya suluhu, na Meinertzhagen mwenyewe hakukana kumpiga risasi. Kinachogombaniwa ni nani alianza. Uchunguzi wa kijeshi ulifanyika mara tatu ukamsafisha, lakini 1906 akaondolewa Kenya. Marungu matatu yaliyotwaliwa kwa Wanandi yalirudi kutoka Uingereza 2006. Tafadhali usiliite "pigano".

Kwenye mkoba ndipo wengi wanateleza. Mbinu yenyewe ilikuwapo: nyaraka za uongo zikionyesha shambulio litakuja Gaza, pamoja na pesa na barua za nyumbani ili mkoba uonekane umepotea kweli, huku pigo halisi likiangukia Beersheba, 31 Oktoba 1917. Lakini waliochimbua nyaraka za makao makuu wamekuta wazo ni la Luteni Kanali J. D. Belgrave, na aliyeudondosha ni Arthur Neate. Meinertzhagen alijitwalia sifa, na kwa kuwa wenzake walikaa kimya, hadithi ikashika mizizi.

RasKasone

Nyongeza kwenye la vyooni. Mbinu yenyewe ina mantiki. Waingereza walitangaza kuzingira pwani yote kuanzia 1 Machi 1915, na karatasi ikawa adimu kama quinine. Kambini, ujumbe uliokwisha kusomwa, barua za nyumbani, hesabu za posho, vyote viliishia chooni. Mwenye kuingia na kutoka pale bila kuulizwa ni mfagiaji na mtumishi. Hao ndio waliokuwa wapelelezi, na ni Waafrika ambao majina yao hayatajwi popote kwenye sifa za mkubwa wao. Ningekuwa wewe, dakika tano za kipindi ningewapa wao.

Usidhani walikuwa wanatafuta mpango mzima wa vita. Wajerumani walianza vita na kompania 14 za askari, zenye namba, zilizotawanyika nchi nzima. Kipande chenye namba ya kompania, sahihi ya afisa na tarehe kinatosha kujua nani yuko wapi. Ukipata vipande vitatu vya namba moja kutoka sehemu tatu, umeshajua inaelekea upande gani.

Ugumu uko kwenye tarehe na mwandiko. Kipande kisichokuwa na tarehe kinaweza kuwa cha miezi miwili nyuma, na kompania imeshahama. Mwandiko wa Kijerumani wa zama zile una herufi zake, anayejua Kijerumani cha kitabuni peke yake haambulii kitu. Na masika, wino ukilowa, basi tena. Kwa hiyo sema mbinu iliwezekana, ila ukubwa wa mafanikio yake ni maneno yake mwenyewe.

Ukitaka mfano wa upelelezi uliozaa tunda linaloonekana, mlinganishe na Pretorius, mwindaji aliyetumwa Rufiji kuitafuta manowari Königsberg. Yeye alipima kina cha mifereji ya delta na kujaa na kupwa kwa maji, vipimo vilivyohitajika ili meli mbili zenye kina kifupi, Severn na Mersey, ziweze kuingia. Königsberg ikamalizwa 11 Julai 1915.

Tumbusi

Mnazunguka mbuyu. Ushahidi mzito wa uongo wake uko kwenye ndege.

Aliipatia Makumbusho ya Historia Asilia ya London ngozi za ndege kama 20,000 mwaka 1954. Baadaye ikagundulika kwamba nyingi alikuwa ameziiba, nyingine humohumo makumbusho, akabandika lebo mpya za mahali na tarehe alizotunga. Alikamatwa hivi: kila mkusanyaji ana mkono wake. Mmoja hujaza pamba mpaka shingoni, mwingine huacha shingo nyembamba. Mmoja hushona tumbo kwa mishono mirefu, mwingine mifupi. Namna ya kufunga miguu, kijiti cha ndani, vyote ni kama sahihi. Ukipiga eksirei ngozi yenye lebo ya Meinertzhagen ukakuta mkono wa mtu mwingine, umemkamata.

Bundi mmoja mdogo wa misitu ya India ndiye aliyemuumbua zaidi. Ngozi ya uhakika ya mwisho ilikuwa ya 1884, halafu Meinertzhagen akadai kampata Gujarat 1914. Pamela Rasmussen, mtaalamu wa ndege, alipoifungua ngozi akaona ni kazi ya James Davidson, mkusanyaji wa karne ya 19, iliyotengenezwa upya. Akaachana na habari ya Gujarat, akaenda kutafuta kwa kufuata lebo za kweli, na Novemba 1997 bundi akaonekana akiwa hai huko Maharashtra, baada ya miaka 113.

Mzizima_77

Asanteni sana wakuu. Nimeandika mwanzo hivi: "Jasusi aliyewashinda Wajerumani Tanga..." Upite?

RasKasone

Usipite, ndugu yangu. Tanga Waingereza walipigwa. Walikuja na watu kama 8,000, na wakati kapteni wa HMS Fox, manowari yao, akijadiliana kwanza na mkuu wa wilaya, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akateremsha askari wake kwa reli kutoka Moshi. Walikuwa kama 1,000 tu. Tarehe 4 Novemba vita, tarehe 5 Waingereza wakarudi melini wakiacha nyuma bunduki 455 na risasi 600,000. Na wale nyuki wanaosimuliwa kwenye vita hiyo hawakutegwa na mtu, mizinga yao ilipigwa risasi wakatoka na kuuma watu wa pande zote. Anza na mfagiaji kambini, ameinama, anakunja karatasi.