Binti yangu anataka kuwa jaji. Mlio karibu na mahakama, maisha yao yakoje?

Mgebuka_Mkavu (Ujiji)

Wakuu, habari za jioni. Binti yangu yuko kidato cha tano, HGL (Historia, Jiografia na Lugha). Juzi kaniambia uwakili hautaki, anataka ujaji. Nimemwitikia, lakini mimi ni fundi wa injini za mitumbwi pale Kibirizi, jaji nimemwona Siku ya Sheria tu, kwa mbali, na joho lake. Jana kijiweni ukazuka mzozo: mmoja anasema jaji hupigiwa kura kama mbunge, mwingine anasema Rais huokota amtakaye. Njia yenyewe ikoje? Na hao watu wanaishije? Halafu eti Augustino Ramadhani, aliyekuwa Jaji Mkuu, alisoma Tabora, ni kweli?

Mwana_Isevya (Tabora)

Huyo wa kura kachanganya na Marekani mkuu. Kule kila jimbo lina mahakama yake ya juu, na utaratibu hutofautiana. Texas majaji wake 9 wanapigiwa kura, kipindi miaka 6, na chama cha mtu kinaandikwa kwenye karatasi. New Jersey anateua gavana, Seneti inathibitisha, na akifika miaka 70 anatoka. Kwetu anateua Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama.

Karani_Mstaafu (Tabora)

Jaji na fulana za kampeni! Hapo sokoni Mwanga angeanzia wapi, kwa wauza dagaa?

Mzee mwenzangu wa Ujiji, nimekaa mahakamani Tabora tangu enzi za taipureta, sasa nina mizinga yangu ya nyuki na mjukuu wa kunichapia humu. Huyo wa kuokota naye kakosea. Mtu awe na shahada ya sheria na uzoefu usiopungua miaka 10, iwe uhakimu, uwakili au sheria serikalini. Kwa hiyo binti asiukatae uwakili mapema hivyo, huenda ndiyo mlango wake. Mahakama Kuu wanastaafu na miaka 60, Mahakama ya Rufani, iliyo juu yake, 65.

Maisha yao sasa. Kabla Kigoma hamjapata Mahakama Kuu yenu, kesi zenu za mauaji zilikuwa za kwetu. Tulipanda treni Tabora usiku na sanduku la majalada, joho la mheshimiwa nimelikunja kwenye begi langu mimi mwenyewe, maana mapagazi siwaamini. Asubuhi Kigoma, tunapiga pasi kwa mkaa, saa tatu tunaanza.

Wengi wanadhani kazi ya jaji ni kusikiliza. Ni kuandika! Bibi wa Kasulu anatoa ushahidi kwa Kiha, mkalimani anaugeuza Kiswahili, jaji anauandika kwa Kiingereza, kwa mkono, neno kwa neno. Bibi akishika kasi jaji anainua kalamu: "Taratibu, mama, taratibu." Jaji wangu mmoja alikuwa na sugu kwenye kidole cha kati, ngumu kama ya mshona viatu, na jioni alikiloweka kwenye maji ya moto yenye chumvi. Mtu anayeweza kuhukumiwa kunyongwa yuko kizimbani, nawe ukiruka sentensi moja umeharibu. Kiswahili kimekuwa lugha ya mahakama kisheria 2021, mimi nishaondoka.

Na upweke. Mzee mmoja wa Kibirizi alileta kapu la migebuka nyumba ya wageni, kumkaribisha mheshimiwa. Hakuwa na kesi, hata ndugu mwenye kesi hakuwa naye, nilimuuliza. Jaji akakataa. Nikalirudisha mimi kwa mguu, juani, samaki wananuka, na mzee akanitazama kana kwamba nimemtukana. Sijui kama jaji alikosea. Ile aibu ninayo mpaka leo.

Ramadhani, ndiyo, sekondari kasoma Tabora Boys. Mzaliwa wa Zanzibar, 1945. Sheria Dar es Salaam, kisha jeshi hadi Brigedia Jenerali, Jaji Mkuu wa Zanzibar, Rufani 1989, Jaji Mkuu wa Tanzania 2007 hadi 2010. Baadaye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha, akaja kuwa Rais wake. Alipadirishwa Anglikana. 2015 akachukua fomu ya urais CCM, hakufika tano bora. Kafariki Aprili 2020, Mungu amrehemu.

Mwambie binti aangalie kesi ya mgombea binafsi, yaani mtu kugombea bila chama, aliyoifungua Mchungaji Mtikila. 2010 majaji 7 wa Rufani, yeye akiwaongoza, walisema kumruhusu mgombea huyo ni kazi ya Bunge, si ya mahakama. Mtikila akabeba jalada lake Arusha. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ikampa ushindi, na Ramadhani tayari alikuwa jaji palepale! Hakukaa kwenye kesi ile, maana jaji hagusi kesi ya nchi yake. Wenzako wa korido moja wanalichambua jambo ulilokwisha kuliamua, nawe umekaa kimya ofisini na chai yako. Mimi ile chai nisingeimaliza.

Mwana_Isevya

Mzee Karani, umetupa darasa. Ila 2010 walikosea, mimi sitetereki.

Karani_Mstaafu

Sema wewe raia. Mimi nimelipwa miaka yote ile nisiwe na maoni.

Mgebuka_Mkavu

Asanteni sana wazee wangu. Nimemsomea wote mpaka pale pa migebuka, kacheka, halafu kasema yeye angewapokea na kuwagawia wafungwa. Tumebishana. Sasa anaitaka hiyo hukumu ya Mtikila aisome mwenyewe, inapatikana wapi?

Karani_Mstaafu

TanzLII, tovuti ya hukumu za mahakama zetu, bure kabisa. Aanze na ya 2010 kabla ya ile ya Arusha, na awe na kamusi karibu. Na kuhusu samaki, mwambie wafungwa nao wana kesi.