Tupeane uzoefu: ni filamu au hadithi gani iliyowahi kubadilisha jambo nyumbani kwenu?

Mtoto wa Vuga
Wakuu, habari za jioni. Jana nilikuwa natembea na mama Mji Mkongwe, tukapita mbele ya jengo la Majestic. Mama akasimama, akashika ukuta, akaanza kuimba wimbo wa Awaara kutoka mwanzo hadi mwisho. Kihindi hajui hata kuomba maji. Filamu yenyewe ilitoka 1951, na alipokuwa msichana bado ilikuwa inarudishwa, akienda na bibi yake kwenye onyesho la wanawake peke yao.

Ndipo akanisimulia nisiyoyajua. Kwenye ile filamu kuna hakimu anayeamini kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi, kisha mambo yanamgeukia yeye mwenyewe. Wakati huo dada yake mama alikuwa ameposwa na kijana ambaye baba yake aliwahi kufungwa, na babu alikuwa amekataa katakata. Basi wanawake wa nyumbani walimkalia babu wiki nzima na kisa cha hakimu yule, asubuhi kwenye chai, usiku kwenye uji. Babu akakubali. Binamu zangu saba wamezaliwa kwa ajili ya filamu ya Kihindi!

Nanyi leteni yenu.

Deki ya Temeke
Ninyi wa Visiwani mlipata televisheni tangu 1973. Sisi Bara tulisubiri mpaka 1994, na hata ilipokuja, mtaani kwetu waliokuwa nayo walikuwa wa kuhesabu. Shule yetu ilikuwa kibanda umiza, yaani banda la kuonyeshea video. Mbao zimepigiliwa juu ya matofali, madirisha yamezibwa kwa magunia, jasho la watu sitini. Sauti ya Lufufu, mtafsiri wa filamu, ikipita juu ya filamu ya Kichina hata mwenye banda alikuwa anaacha kuhesabu hela. Alikuwa hatafsiri tu, alikuwa anasimulia kama babu: anaweka methali, anamgombeza jambazi, anamwonya shujaa ageuke nyuma. Nilipokuja kuitazama filamu moja peke yangu, bila sauti yake, niliona kama nimeletewa ugali bila mboga.

Mwali wa Korogwe
Kweli kabisa kaka. Kwetu pia.

Wa Kaloleni
Hapa Kenya yetu ilikuwa Vitimbi, kipindi cha vichekesho cha televisheni. Kila mtu alimpenda Mzee Ojwang', hata mimi. Lakini mimi ni Mjaluo, na shuleni wenzangu walikuwa wakinisemesha kwa ile lafudhi yake kila nikisimama kusoma. Nilikuja kujua nikiwa mtu mzima kwamba Benson Wanjau, mwigizaji mwenyewe, hakuwa Mjaluo. Namheshimu sana marehemu, kipaji chake kilikuwa kikubwa. Ila kuna miaka miwili pale darasani sikufungua mdomo.

Msemakweli
@Wa Kaloleni hao ni watoto tu na utani wao. Usimlaumu msanii.

Wa Kaloleni
Sijamlaumu. Soma tena nilichoandika.

Mjukuu wa Kahama
Mnanikumbusha jambo ambalo sijawahi kuliandika popote.

Nimekulia kijijini, upande wa Kahama. Banda lilikuwa moja, la mabati, jenereta nje, kiingilio shilingi hamsini, watoto tunakaa chini mbele kabisa. Nilikuwa na miaka tisa. Siku hiyo waliweka filamu ya Kinaijeria. Bibi kizee anageuka usiku, anawamaliza watoto wa mwanawe mmoja baada ya mwingine. Jina la filamu silijui mpaka leo. Ninachokumbuka ni macho yake yalivyosogezwa mpaka yakajaa kioo chote, mekundu kama pilipili.

Nikarudi nyumbani. Bibi mzaa baba alikuwa jikoni anapuliza moto, kuni mbichi, moshi umetanda. Akageuka kuniita nichukue kiazi. Macho yake yalikuwa yale yale. Kila mtu wa kwetu anajua macho ya bibi zetu yanavyokuwa baada ya miaka hamsini ya moshi wa jikoni, na mimi nilikuwa nayaona kila siku. Lakini siku ile nilipiga ukunga, nikakimbilia kwa jirani nikisema Bibi anataka kunila.

Nilisema hivyo mbele ya watu wazima. Na mdogo wangu alikuwa amefariki kwa homa miezi miwili nyuma.

Kwa msioijua kwetu: neno kama hilo likishatoka halirudi. Jioni ile wanaume walikuja kukaa na baba mpaka usiku wa manane. Baba hakuamini hata kidogo, lakini aliwaogopa majirani kuliko alivyouogopa uchawi. Alfajiri, giza bado, alimpakia Bibi kwenye baiskeli na shuka moja na sufuria yake, wakaenda kutafuta gari la Nzega kwa shangazi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Bibi akaniita, akafungua pindo la kanga, akanipa kile kiazi cha jana. Nilikataa kukipokea.

Aliishi kwa shangazi miaka minne. Sikumwona tena.

Mwali wa Korogwe
Jamani. Pole sana ndugu yangu. Nimelia hapa dukani.

Mtoto wa Vuga
Pole mkuu. Ulikuwa mtoto. Baba yako alimwokoa mama yake.

Msemakweli
Pole ndugu, sana. Lakini tusiibebeshe filamu mzigo wote. Bibi zetu wamekatwa mapanga Usukumani kabla deki haijafika. Sungusungu walipoanza huko kwenu miaka ya 1980 kwa kusaka wezi wa ng'ombe, haikuchukua muda wakawa wanawafukuza na wanaotuhumiwa uchawi. Hapo banda la video lilikuwa wapi?

Deki ya Temeke
Hakuna aliyesema filamu ndiyo iliyoanzisha. Lakini mtoto wa miaka tisa alipewa sura ya mchawi, akaenda akaikuta jikoni kwao. Aliyetengeneza filamu ile alikuwa mbali, hajui Kahama wala hajui kuni zetu. Hilo linanisumbua.

Msemakweli
Na hadithi za bibi zetu je? Zimwi si lilikula watoto? Mama wa kambo si ndiye mbaya kila siku? Paukwa, pakawa, halafu mama wa kambo anamtuma mtoto mtoni kwenye mamba. Filamu imerithi tu.

Mama Wawili
Hapo umenigusa, kaka Msemakweli, sijui kama ulikusudia.

Mimi ni mama wa kambo. Nimeolewa kwenye nyumba yenye binti wa miaka saba aliyefiwa na mama yake. Mwezi wa kwanza kila nikimpa uji anaunusa, anamsubiri baba yake anywe kwanza. Nikadhani hapendi sukari nyingi. Siku moja nikamkuta anamwagia paka kidogo, kisha amechuchumaa anamtazama paka. Nikamuuliza kwa upole, akaniambia kwenye filamu mama mpya huwa anaweka sumu. Sikumkasirikia. Nilikwenda chumbani nikakaa kitandani muda mrefu. Hizo filamu hata mimi nilikuwa nazipenda, nilikuwa namzomea mama wa kambo pamoja na wenzangu.

Naomba ushauri: nifanyeje? Nimzuie kutazama?

Mwali wa Korogwe
Zima hiyo televisheni dada, mpe vitabu.

Wa Kaloleni
Usizime. Ukizima atajua unaficha kitu. Kaa naye mtazame pamoja, akiogopa mshike mkono.

Mtoto wa Vuga
Mama yangu nimemsomea swali lako, anasema pika naye. Mtoto akikoroga uji mwenyewe hawezi kuuogopa. Na paka naye apewe maziwa yake, amefanya kazi ngumu.

Msemakweli
Muda tu, dada. Nisamehe kama nilikuumiza.

Mama Wawili
Hukuniumiza. Ahsanteni. Mwambie mama shikamoo yangu.

Wa Gitega
Samahani nimechelewa, naandika kutoka Burundi. Mimi nataka kuzitetea kidogo filamu za Bongo. Nyumbani kwetu ni Kirundi, Kiswahili changu chote kimetoka kwa waigizaji Kanumba na Ray. Mama alikuwa anasimamisha kanda ili nimwelezee, nami nikajifunza kwa kumwelezea. Alipofariki Kanumba Aprili 7, 2012, mama alivaa nguo nyeusi kama amefiwa na mwanawe. Nilipofika Kariakoo mara ya kwanza muuza viatu akaniuliza, "Wewe ni wa filamu?" Leo nafanya biashara Dar na Kigoma kwa lugha hiyo hiyo. Bila filamu ningekuwa nahitaji mkalimani.

Deki ya Temeke
Karibu sana. Hilo nalo tuliweke kwenye mizani.

Mjukuu wa Kahama
Ahsanteni kwa pole zenu wote. Nina ombi moja. Kuna mwenye kanda za zamani za Kinaijeria, zile zilizozungushwa vijijini miaka ya 2000 mwanzoni? Nataka kuitafuta ile filamu niitazame nikiwa mtu mzima. Ninachokumbuka ni macho, kanga ya bluu, na mlango wa mbao wenye msalaba wa chaki.

Deki ya Temeke
Nina maboksi mawili stoo, mengine yameota ukungu. Deki yenyewe inafanya kazi nikiisafisha kichwa kwa spiriti. Ukija Dar nitafute ndani kwa ndani, tutazitazama moja moja mpaka tuipate.

Mjukuu wa Kahama
Mwezi ujao nina safari. Nitakuja na shangazi, yeye ndiye aliyekaa na Bibi.