MJADALA: Riwaya za vijana kutoka Marekani ziondolewe kwenye maktaba za shule zetu?

Mleta mada

Habari za jioni wana Kusini. Naleta hoja iliyotugawa kwenye kikao cha wazazi. Ningependa kusikia na wa Lindi, Masasi, Newala na Tandahimba wanasemaje.

Sekondari moja hapa Mtwara mjini ilipokea boksi la riwaya za Kiingereza zinazopendwa sana na vijana: The Hunger Games ya Suzanne Collins, Twilight ya Stephenie Meyer, Divergent ya Veronica Roth na The Fault in Our Stars ya John Green. Vitabu vikaanza kutembea mkono kwa mkono. Ndipo mzazi mmoja akasimama kikaoni na Twilight mkononi, akasoma nusu ukurasa kwa sauti, akaomba boksi zima lifungiwe ofisini. Wengi walipiga makofi. Uamuzi utatolewa kikao kijacho.

Mimi nina watoto wa kaka yangu pale, na vitabu hivyo nimevisoma vyote. Msimamo wangu ni kwamba kisiondolewe hata kimoja.

Nianze na The Hunger Games (2008), maana ndicho kinachodaiwa kufundisha watoto kuuana. Kuna nchi inaitwa Panem, yenye mji mkuu unaokula na kusaza, na wilaya 12 zinazoulisha. Kila mwaka kila wilaya inatoa mvulana na msichana wa kati ya miaka 12 na 18. Wanaingizwa uwanjani kuuana mpaka abaki mmoja, na nchi nzima inalazimishwa kutazama kwenye televisheni. Watoto hao wanapatikana kwa kura.

Sasa tazameni kura yenyewe. Mtoto akifika miaka 12 jina lake linaingia mara moja, akifika 13 mara mbili, na kuendelea hivyo. Lakini mwenye njaa nyumbani anaruhusiwa kuongeza jina lake, na kwa kila nyongeza anapewa nafaka na mafuta kidogo ya mtu mmoja kwa mwaka. Anaweza kuongeza kwa ajili ya kila mtu wa nyumba yake, na nyongeza hizo hazifutwi, zinalimbikizwa mwaka hadi mwaka. Katniss, msichana wa miaka 16 anayelea mama na mdogo wake, jina lake limo mara 20. Rafiki yake Gale, wa miaka 18, limo mara 42. Binti wa meya hajawahi kuhitaji hata punje moja ya nafaka hiyo. Siku ya kura wote wanasimama uwanja mmoja, na wakubwa wanasema bahati ni ya kila mtu.

Mtoto wa kaka yangu yuko kidato cha tatu. Alifika ukurasa huo akanitazama: "Shangazi, si ndiyo kangomba hii?"

Ndiyo yenyewe. Mkulima ana njaa mwezi wa pili, hela ya salfa, dawa ya mikorosho, hana, mtoto anadaiwa michango shuleni. Anakuja mtu na fedha mfukoni, anazinunua korosho zikiwa bado hazijatoa hata ua, kwa bei ya kutupa. Msimu ukifika gunia linaondoka na mwenye shamba anabaki kuhesabu deni jipya. Serikali imepiga marufuku na bado inafanyika, kwa sababu njaa inafika kabla ya mnada. Ukiuliza, utaambiwa alikubali mwenyewe, hakulazimishwa. Katniss naye hakulazimishwa. Mtoto aliyeliona hilo kwenye kitabu cha Kiingereza, bila kuonyeshwa na mtu, mnataka kumnyang'anya kitabu?

Halafu yupo Rue, mtoto wa miaka 12 kutoka wilaya ya kilimo. Anasimulia kwamba kwao ukila ulichovuna unachapwa viboko watu wote wakitazama. Rue akifa, Katniss anampamba kwa maua, na wilaya ya Rue inamtumia Katniss mkate. Hapo nililia. Kitabu kinachomfanya msomaji amlilie mtoto wa kijiji kingine hakiwezi kuitwa kitabu cha kufundisha mauaji.

Divergent sina mengi nacho, kinaanza vizuri kisha kinakuwa mbio na risasi.

Twilight (2005) sikipendi. Edward anaonekana kijana wa miaka 17, kumbe ni mnyonya damu (vampire) aliyeishi zaidi ya karne. Anaingia chumbani kwa Bella, msichana anayempenda, usiku na kumtazama akilala, msichana mwenyewe hajui, na mwandishi anatuletea jambo hilo kama dalili ya mapenzi makubwa. Katika kitabu cha pili Edward anaondoka, na Bella anazimika kiasi kwamba kurasa zinapita na jina la mwezi tu: Oktoba, Novemba, Desemba, Januari. Ni ufundi mzuri wa uandishi, lakini ni somo baya kwa msichana. Pamoja na hayo nasema kibaki. Filamu yake wanaiangalia kwenye simu, peke yao, usiku. Kitabu angalau naweza kukaa nao tukakisoma na kuuliza: mtu akikuingilia chumbani hujui, utaita mapenzi?

Karibuni.

Mama wa Mikindani

Dada, la kangomba nimekuelewa na limenigusa. Twilight hapana.

Nieleze kwa nini, maana kikaoni tulionekana wazazi tusiopenda kusoma. Huku kwetu msichana akivunja ungo anakabidhiwa kwa kungwi. Kuna siku zake, kuna nyimbo zake, na kuna mtu mzima anayemwambia hili ni hivi na lile ni vile, na akiuliza anajibiwa. Najua unyago una lawama zake. Wako wanaowaingiza watoto wadogo mno, na hilo nalipinga kila mwaka likizo inapofika. Lakini hata unyago mbaya una mtu wa kuulizwa. Kitabu hiki kinamwingiza mtoto wa miaka 13 kwenye habari za mwanaume anayetamani damu yake na kumpenda kwa wakati mmoja, kisha kinamwacha hapo. Wewe utakaa na watoto wa kaka yako. Wa kwangu nani atakaa naye nikiwa sokoni mpaka magharibi? Wangapi wana shangazi kama wewe?

Mwalimu, Newala

Kwa heshima zote, mnagombea vitabu ambavyo wengi hawawezi kuvisoma. Nafundisha kidato cha kwanza hadi cha nne. Mwanafunzi ametoka shule ya msingi ya Kiswahili, mnampa riwaya nene ya Kiingereza cha Marekani. Darasani kwangu wanaoimaliza hawazidi wachache wa mbele. Waliobaki wanaliangalia jalada, wanasimuliwa na wenzao.

La kutoa vitabu nalikataa. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka 1971, ikapigwa marufuku shuleni kwa sababu hizi hizi za mapenzi na wasichana. Leo ni miongoni mwa riwaya zinazoheshimiwa sana katika fasihi ya Kiswahili. Na wanaosema "hadithi za nchi za watu" wakumbuke Takadini. Ni habari ya Zimbabwe, ya mama aliyekimbia na mtoto wake mwenye ualbino, na imefundishwa vidato vya tatu na nne miaka mingi. Sijaona mzazi akilalamika.

Dai langu ni jingine: pale riwaya ya Kiswahili kama Watoto wa Mama N'tilie inapokuwa na nakala moja iliyochanika katikati, isomwe kwa zamu na darasa zima, msinishangilie boksi la msaada. Mtoto akijifunza kupenda kusoma kwa lugha anayoiota, hizo nyingine atazifuata mwenyewe.

Kijana wa kidato cha sita, Masasi

Shikamooni wakubwa. Naomba na sisi mnaotujadili tusikike.

Divergent dada umeipita haraka. Kule mtu anapimwa, kisha akiwa na miaka 16 anachagua kundi mojawapo kati ya matano, na ndiyo maisha yake yote. Tris, msichana wa hadithi hiyo, akipimwa anaambiwa haingii kundi moja. Sisi tuliosubiri matokeo ya kidato cha nne, kisha tukapangiwa tahasusi, tunajua kifua kinavyobana siku ile. Kwa hiyo siyo risasi tu.

Lakini kilichonikamata ni The Fault in Our Stars (2012). Hazel ana miaka 16, ana saratani iliyoingia mapafuni, anavuta mtungi wa oksijeni kila aendako. Nilikisoma nikiwa namuuguza bibi wodini. Ile safari yao ya Amsterdam niliiona ya watu wengine kabisa, sisi hata nauli ya kwenda Dar kwa vipimo ilichangishwa. Ila Hazel anaambiwa ukweli wa ugonjwa wake na anaruhusiwa kuuliza. Bibi alikuwa anaambiwa "utapona tu" na kila aliyeingia, mpaka akaacha kuuliza. Baada ya kitabu kile nilimuuliza kama anaogopa. Alizungumza usiku kucha. Naombeni msikitoe hicho.

Mzee wa Lindi

Wanangu, ninyi mmeanza na kangomba, mtamalizia kwenye gesi. Huyo Katniss, msichana wa wilaya ya makaa ya mawe anayekaa gizani wakati mji mkuu unawaka taa, kila mtu wa Mtwara akisoma atakumbuka vurugu za 2013 za kupinga bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam. Watu walikufa, nyumba zilichomwa. Mnawapa watoto kiberiti?

Mleta mada

Mzee wangu, shikamoo. Wanafunzi wa leo walikuwa wadogo mno mwaka ule. Wanausikia kwa vipande, kwa minong'ono. Riwaya ile haishangilii vurugu. Katniss anatoka uwanjani hai na halali usingizi, na katika kitabu cha tatu vita vinamuua mdogo wake yule yule ambaye Katniss alijitoa mhanga kumwokoa. Mtoto akisoma mpaka mwisho atajua gharama ilivyo. Ukipata nafasi, njoo uwasimulie uliyoyaona.

Kijana, pole kwa bibi. Nitalisoma andiko lako kikaoni, kwa ruhusa yako.

Mwalimu, hoja yako ya nakala moja iliyochanika naibeba kama ilivyo. Wazazi tuliopigiana kelele juu ya boksi la bure tunaweza kuchangishana tukanunua riwaya za Kiswahili.

Mama wa Mikindani, swali lako "nani atakaa naye" ndilo lililonikosesha jibu tangu jana. Nitapendekeza Twilight isiazimwe kwa kidato cha kwanza na cha pili, na isomwe Jumamosi, wasichana pamoja na mtu mzima mmoja. Ningependa mtu huyo uwe wewe, kwa sababu utawaambia yale ambayo mimi nitayakwepa.

Mama wa Mikindani

Jumamosi nafunga genge saa nane. Nitakuja, na nitakisoma chote kwanza. Kikaoni bado nitanyoosha mkono kitolewe.