Upinde wa mwanzi unapasuka kila nikiuvuta, naombeni ushauri

FundiKayole
Salaam wadau. Niko hapa Kayole, kazi yangu ni fanicha, na nimejitosa kutengeneza upinde wa asili kwa mwanzi. Nimetazama video mpaka bando likaisha. Napasua mwanzi kwa urefu, nachukua kipande cha upana wa vidole viwili, nakwangua upande wa ndani hadi ulainike, kisha nakata vijino vya kushikia upote, ile kamba ya upinde, kwenye ncha zote mbili. Ukiuona umelala mezani utasema umetoka kwa mzee wa Kikamba. Shida inakuja nikianza kuuvuta. Unapinda vizuri, halafu nasikia nyuzi zinakatika ndani, na ufa unafunguka kutoka karibu na kishikio kuelekea ncha ya juu. Si mmoja, si wawili. Naombeni mnisaidie: kuna gundi inayoweza kushika ufa wa namna hiyo? Ile ya mbao nimejaribu, ikaachia. Ni jambo la haraka, wiki hii lazima liishe.

KitengelaYetu
Upinde Kayole? Jirani, huko simu zinanyakuliwa na watu wa pikipiki. Ukimaliza kuweka mshale, mwenzako ashafika Njiru.

Mwana_wa_Machakos
Hapo kwa mzee wa Kikamba umenigusa. Babu yangu alilinda ghala Industrial Area miaka mingi, na silaha yake ilikuwa upinde na podo la mishale. Hakuhitaji kupiga mtu. Wezi walijua mishale ya kwetu hupakwa sumu ya msunguti, na sumu hiyo husimamisha moyo. Asubuhi akirudi nyumbani, kabla hajagusa chai anaufungua upote kwanza, kwa sababu upinde ukilala umefungwa unazoea kupinda na nguvu inaisha. Sisi wajukuu tulikuwa tukiuvuta na kuachia bila mshale tunazabwa kofi. Nilidhani ni ukali tu, kumbe ile nguvu iliyopaswa kuondoka na mshale inarudi kwenye upinde wenyewe na kuuvunja. Ila wa babu ulikuwa wa mti, si mwanzi. Tafuta mkole, ndugu yangu, achana na mwanzi.

SeremalaMstaafu
Tusiuonee mwanzi. Kule Bhutan kulenga shabaha ndio mchezo wa taifa, na pinde zao za asili ni za mwanzi: vipande viwili vinaunganishwa kwenye kishikio, na shabaha iko mita 145 hivi. Wajapani nao wanabandika mwanzi na mti, upinde unapita mita 2 na wanaushika chini ya katikati. Kwa hiyo mwanzi unaweza.

Fundi, kabla ya gundi nijibu haya. Ganda la nje linatazama shabaha au linakutazama wewe? Vifundo umevifanya nini? Mwanzi ulikatwa lini, na umekaukia wapi?

FundiKayole
Asante mzee wangu. Ganda linatazama shabaha, hilo nalijua. Vifundo nilivipiga tupa vikalala, ili upinde upendeze. Mwanzi ni mkavu. Sasa kuhusu gundi?

SeremalaMstaafu
Vifundo vya upande wa ganda usiviguse tena. Nyuzi za mwanzi zinapita juu ya kile kifundo, na ukikilaza unazikata zote mahali pamoja. Toa ile ncha kali peke yake, basi. Upande wa ndani ndio wa kukwangua, na hata huko kifundo kiache kinene kidogo kuliko pingili.

Lakini kosa la kifundo huvunja upinde kwa kukingama, na vibanzi huinuka. Wewe unasema ufa unakwenda kwa urefu. Huo ni ufa wa mwanzi ambao haujakauka, au umekaushwa kwa pupa. Nauliza tena, ulikatwa lini?

Wakili_Mtaani
Mimi nauliza la maana zaidi: huo upinde ni wa nini? Uwindaji Kenya umepigwa marufuku tangu 1977. Na ukikutwa na upinde na mishale ya chuma barabarani usiku, hakuna askari atakayekusikiliza ukimwambia habari za utamaduni. Sisi tulioona 2008 mishale ikiruka kati ya majirani hatuchukulii jambo hili kirahisi. Vijana mtafute kazi za kujenga nchi.

KitengelaYetu
Wakili, mchezo wa upinde uko Olimpiki. Mwaka 2016 kule Rio aliyebeba bendera ya Kenya siku ya ufunguzi ni Shehzana Anwar, na ni mlenga shabaha. Hiyo si kujenga nchi?

Wakili_Mtaani
Huyo ana uwanja, ana walimu, ana sheria za mchezo. Huyu ana panga na Kayole.

MamaWawili
Mnaendelea na bendera na mwenye uzi ameulizwa mara mbili mwanzi ulikatwa lini. Fundi, jibu. Na utuambie wiki hii kuna nini.

FundiKayole
Sawa. Mwanzi nilinunua mwanzoni mwa mwezi huu kwa mzee mmoja upande wa Kikuyu, na ulikuwa bado kijani. Niliupasua, nikauanika juu ya mabati kwa jua, ukageuka rangi ukawa manjano. Ndiyo maana nasema ni mkavu. Haraka ni kwa sababu ni kazi ya mtu, na anaitaka Jumamosi.

MamaWawili
Mtu gani?

FundiKayole
Ni kambi ya watoto ya likizo. Wanataka pinde kumi na mbili, watoto wa miaka tisa hadi kumi na mbili wajifunze kulenga shabaha. Arubuni nilipewa na imeshaingia kwenye karo ya binti yangu, kwa hiyo msinipeleke kwa habari ya kurudisha pesa. Na kabla hamjaanza kunipiga, nimefikiria. Mtoto havuti kwa nguvu kama mimi. Zile zenye ufa mdogo nimezifunga kwa uzi wa nailoni na tepu nyeusi, nikipiga nazo hapa uani zinarusha vizuri. Nilichotaka ni gundi ya kutia chini ya tepu tu.

MamaWawili
Fundi! Upinde unavutwa ukiwa karibu na uso. Kamba iko shavuni, jicho liko pale pale. Mwanzi ukipasuka kingo zake ni wembe, sisi zamani tuliukatia nyama. Tepu itamficha mtoto ule ufa asiuone, hiyo ndiyo kazi yake pekee. Na wewe una binti! Ungempa yeye auvute?

FundiKayole
Mama, wangu ameshavuta na hakuumia. Nasema mnipe gundi, mnanipa mahubiri.

SeremalaMstaafu
Hakuna gundi, kijana. Sikusemi vibaya, nakwambia jinsi mwanzi ulivyo. Ganda la nje lina nta, maji hayapiti hapo. Yanatokea upande wa ndani na kwenye ncha. Ukiuweka juu ya mabati ya moto, ndani kunanywea haraka na ganda linakataa kunywea, pande mbili zinavutana mpaka zinaachana. Ufa upo tayari kabla hujauvuta. Wewe unakuja kuufungua tu. Gundi itashika midomo ya ufa, lakini kule ndani nyuzi zimeshaachana.

Mwanzi unakaushwa kivulini, kwenye upepo, umeinuliwa usiguse sakafu, wiki nyingi, na mzito zaidi ni miezi. Rangi isikudanganye. Ugonge: mbichi unatoa sauti ya kuziba, mkavu unalia. Tena uwe umekomaa, miaka mitatu au zaidi. Mchanga una unga mweupe na maganda bado yameshika kwenye vifundo. Uliokomaa umepauka na una madoa ya ukungu.

ShahidiWaMacho
Jamani, mnachezewa. Nimesoma tangu juu. Kwanza ilikuwa "upinde", sasa ni pinde kumi na mbili. Kwanza "mkavu", sasa ulinunuliwa kijani. Huyu anajiita fundi wa fanicha, na kila fundi wa fanicha wa mtaani anajua mbao mbichi hupinda na kupasuka. Hata mtoto wa fundi anajua. Hii ni hadithi ya kutungwa mtu apate wasomaji, kesho mtaona iko YouTube na muziki juu yake.

KitengelaYetu
Mimi pia ile ya karo ilinitia shaka. Kila hadithi ya hapa ina karo ndani.

Wakili_Mtaani
Nilisema toka mwanzo.

Mwana_wa_Machakos
Wakili, wewe ulisema habari ya askari. Mwacheni mtu ajibu.

FundiKayole
Nitajibu. Mimi ni fundi wa makochi. Fremu naletewa imeshapigwa misumari, mimi natia mikanda, sponji na kitambaa. Mbao mbichi ni shida ya anayenipa fremu, sijawahi kukausha mbao maishani mwangu. Kambi walinipata kwa sababu niliwashonea mito ya kukalia, mama mmoja pale akaniuliza kama naweza pinde, nikasema naweza. Kuhusu kutungwa, njoo uone mikono yangu. Ukipasua mwanzi unatoka vibanzi vyembamba kuliko sindano, vinaingia chini ya kucha na huvioni mpaka usiku. Vumbi lake linawasha shingo, na ukioga maji ya moto ndio linazidi. Na ule mlio hauji mara moja. Unasikia kimoja kidogo, kimya, unajidanganya kuwa ni kamba inajikaza, unavuta tena, ndipo vinakuja vingi pamoja. Hayo nitayatoa wapi kama si mezani kwangu?

SeremalaMstaafu
Hayo ya mlio hayatungwi. Mimi namwamini, na mtu wa makochi kutojua mbao inaeleweka. Hata kama angekuwa ametunga, kuna mwingine atasoma hapa akiwa na mwanzi juu ya mabati, kwa hiyo naendelea.

Fundi, sikiliza. Jumamosi bado inawezekana, si kwa pinde kumi na mbili. Watoto kumi na wawili hawasimami mstari mmoja wakapiga pamoja, wanapokezana. Wanne wanapiga, wengine wanangoja nyuma, kisha wote wanakwenda kuokota mishale. Pinde nne nzuri zinatosha kambi nzima. Mwambie yule mama hivyo hivyo, zinazobaki zitakuja mwanzi ukikauka.

Kwa hizo nne, usikate mwanzi mpya. Zunguka kwa wanaotengeneza viti na mapambo ya mianzi, hao wana mianzi iliyokaa muda mrefu kivulini. Angalia matundu madogo yenye unga kama wa ngano. Ukiyaona, kuna dudu ndani, uache. Mpime mtoto akiwa amenyoosha mikono, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, ugawe kwa 2.5. Hapo unapata urefu wa kuvuta. Mwenye sentimita 138 anavuta 55. Upinde uwe mara mbili ya hapo na kidogo juu, 120 mpaka 130. Nguvu iwe pauni 15 hivi, isizidi 20.

Halafu usiuvute mpaka mwisho siku ya kwanza. Funga upote ukiwa umelegea, vuta sentimita chache, tazama mikono miwili ya upinde inavyopinda. Mmoja ukiwa mgumu, kwangua ndani ya huo mgumu, kidogo sana, vuta tena. Kazi yote iko hapo, na hapo ndipo watu wanakosa subira. Mwisho kabisa upitishe upande wa ndani juu ya makaa ya jiko, mbali kiasi cha mkono kuvumilia, mpaka uanze kuwa kahawia. Ganda usilipe moto.

Mwana_wa_Machakos
Na mishale isiwe na chembe ya chuma. Weka mpira butu mbele. Babu angeniuliza pia: nyuma ya shabaha kuna nini? Kama ni njia ya watu, geuza shabaha.

ShahidiWaMacho
Sawa, ya vibanzi chini ya kucha nimeyakubali, nami vilishaniingia nikijenga ua. Lakini hizo zenye tepu zimeenda wapi?

FundiKayole
Mzee wangu, asante sana, haya sikuyaona kwenye video yoyote. Nimempigia yule mama. Amenuna kwanza, halafu akasema nne ni sawa mradi ziwe salama, na nilete nyingine likizo ijayo. Kesho asubuhi nakwenda kutafuta mwanzi mkavu Ngong Road. Zile zenye tepu nimeziweka kando, nitaona.

MamaWawili
Utaona nini?

FundiKayole
Nilifikiria ziwe za mapambo, zitundikwe ukutani pale kambini. Nimezikalia kazi, mama.

SeremalaMstaafu
Kilichotundikwa mahali penye watoto kitashushwa. Kijana, zipige msumeno katikati, zote, ndio uweke picha hapa.

FundiKayole
Picha nitaweka kesho.

MamaWawili
Msumeno unao, simu unayo. Weka leo, tunangoja.