Stenlesi inatoka ya kijivu na vitundu msimu wa mvua (TIG)

Shiti_Milimita2:
Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wenu. Nachomelea shiti na paipu za stenlesi 304 kwa TIG (arki ya umeme kutoka ncha ya tangsteni, ikikingwa na gesi), unene milimita 2, ampia 60, gesi ya agoni yenye usafi wa asilimia 99.99, kikombe cha tochi namba 7, gesi lita 10 kwa dakika. Kiangazi mshono unatoka rangi ya dhahabu bila shida. Mvua zikianza, mishono ya asubuhi inatoka ya kijivu, ina vitundu vidogo vya ncha ya sindano, na tangsteni inageuka buluu halafu nyeusi. Ikifika mchana hali inakuwa nzuri na sijagusa chochote. Nilipandisha gesi hadi lita 20, ikaharibika zaidi. Mmoja kaniambia mtungi ni mchafu, mwingine kasema mashine imechoka. Je, ni unyevu wa hewani unaingia kwenye arki?

Kona_ya_Grenda:
Angalia upepo kwanza mkuu. Mvua huja na upepo, na upepo kidogo tu unaihamisha agoni. Weka pazia. Na hiyo lita 20 kwenye kikombe namba 7 ni nyingi mno, gesi inatoka kwa vurugu na kuvuta hewa ya nje. Rudi kwenye 8 mpaka 10.

Arki_Tulivu:
Ndugu, usinunue mashine. Jibu liko kwenye maelezo yako mwenyewe: asubuhi inaharibika, mchana inapona. Mtungi mchafu ungekusumbua kutwa nzima. Kati ya asubuhi na mchana vinabadilika vitu viwili, joto la chuma na ile gesi iliyolala usiku kucha ndani ya mpira unaotoka mtungini hadi kwenye tochi.

Nianze na mpira, maana ndipo mafundi wengi hawaangalii. Tunadhani agoni ikiwa na presha basi hakuna kitu kinachoweza kuingia. Mvuke wa maji haufuati presha ya agoni, unafuata palipo pakavu. Ndani ya mpira ni pakavu kabisa, nje kumejaa unyevu, kwa hiyo unapenya taratibu kwenye ukuta wa mpira mpaka asubuhi. Ukiwasha arki, maji yale yanapasuka. Oksijeni inashika kromiamu iliyomo kwenye stenlesi, unapata kijivu, na inaunguza tangsteni. Haidrojeni inayeyuka kwenye dimbwi la chuma kilichoyeyuka, chuma kikiganda upesi inakosa njia ya kutoka, hapo ndipo vinapozaliwa vitundu.

Pima hivi kesho. Kabla ya kazi, chukua kipande cha stenlesi kilichosafishwa vizuri, washa arki, tuliza tochi mahali pamoja mpaka dimbwi dogo lifanyike, zima, na usiondoe tochi mpaka gesi ya mwisho, ile inayoendelea kutoka arki ikishazimwa, iishe. Tazama duara. Kisha iache gesi itiririke bila arki dakika 5, urudie pembeni yake. Kama la kwanza limefifia na la pili linang'aa, mpira ndio mgonjwa wako. Kama yote mawili yamefifia, kagua viungo kwa maji ya sabuni, halafu ndiyo umshuku mtungi.

Sasa chuma. Hewa ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 80, umande unaanza kushika kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 26 hivi. Shiti iliyolala juu ya sakafu ya zege usiku inaweza kuwa chini ya hapo, na utando wake wa maji ni mwembamba kiasi kwamba macho hayauoni. Ukipangusa kwa asetoni ukaenda moja kwa moja kuchomelea, umeongeza tatizo: asetoni ikiruka inapoza chuma, na chuma kikipoa kinavuta umande tena. Kwa hiyo pangusa kwanza, kisha pasha kwa hita ya hewa moto mpaka kama nyuzi 45, uvuguvugu unaousikia kwa kiganja. Moto wa gesi siupendi kwa kazi hii, kwa sababu kuungua kwenyewe kunazaa maji na utaona chuma baridi kinatoa jasho. Fimbo za kujazia nazo zipanguse, uzifungie kwenye bomba lenye kifuniko.

Na tafadhali, usitumie dawa ya kusafishia breki yenye klorini badala ya asetoni. Mvuke wake ukikutana na arki unaweza kutoa gesi ya sumu inayoua.

Shiti_Milimita2:
Asante sana mkuu. Nimepima leo. Duara la kwanza kijivu, la pili linang'aa! Mpira wangu ni ule mweusi wa kawaida, mrefu, nilirithi pamoja na mashine. Niweke wa aina gani? Na kwenye paipu, upande wa ndani unatoka kama sukari iliyoungua, hata mchana.

Arki_Tulivu:
Weka wa tefloni, na uwe mfupi kadiri kazi inavyoruhusu. Ukimaliza kazi funga vali ya mtungi, na asubuhi ipitishe gesi kwanza kama ulivyofanya leo. Gesi ya mwisho iwe sekunde 8 au zaidi kwa ampia 60, la sivyo tangsteni itaendelea kuwa buluu hata gesi ikiwa safi.

Sukari ya ndani ni jambo jingine. Hapo hakuna agoni kabisa, chuma cha moto kinakutana na hewa. Ziba ncha zote mbili, ingiza agoni kwa chini na uache tundu dogo juu, maana agoni ni nzito kuliko hewa na itaisukuma itoke. Pitisha ujazo wa paipu mara 5 hadi 10 kabla ya arki, kisha punguza mtiririko ili presha isisukume dimbwi nje. Ziba kwa tepu ya alumini. Karatasi na kadibodi msimu huu zimeshanywa maji, zikipata joto zinayatoa humo humo ndani ya paipu.

Kona_ya_Grenda:
Naongezea moja: glavu zikilowa jasho, badilisha. Msimu huu shoti ya TIG iko karibu sana.