Utafiti wa chanjo ya ukimwi wa watu wachache, kuna hatari?

mlikoni: Wajameni nauliza, binamu yangu ataka kuingia utafiti wa chanjo ya ukimwi, awamu ya kwanza, na watu hawafiki mia. Shangazi nyumbani halali, asema watamtia virusi. Na hao wachache wathibitisha nini?

bintikisauni: Mpoze shangazi, chanjo hizo hazina virusi hai vya HIV, hawezi kuambukizwa nazo. Awamu ya kwanza haipimi kama yakinga, waangalia usalama, dozi na mwili wapokea vipi, kwa hivyo wachache watosha. Ile IAVI G001, utafiti wa awamu ya kwanza wa chanjo ya ukimwi huko Marekani, ilikuwa na watu 48 tu, 36 wakapewa chanjo, na 35 kati yao miili ikatoa zile seli za kinga watafiti walizokuwa wakizitafuta. Kukinga ni habari nyengine kabisa.

babu_feri: Na msifurahie mapema. HVTN 702, utafiti mkubwa wa chanjo ya ukimwi wa Afrika Kusini, ilitanguliwa na majaribio madogo yaliyoenda vizuri, mwisho 2020 wakaisimamisha, haikingi.

bintikisauni: Kweli babu. Lakini mlikoni, kubwa ni hili: akishachanjwa, kipimo cha kawaida chaweza kusoma ana HIV na hana, ni kingamwili za chanjo tu, sasa hebu fikiria apimwe kwa kazi ya Gulf! Aulize kabla hajatia sahihi ni nani atampima baadaye na barua ya kueleza kuwa alichanjwa atapewa ama vipi. Na kujitoa aweza wakati wowote.

mlikoni: Shukran dadangu, la kipimo hatukulijua, Jumatatu nafuatana naye nikaulize mwenyewe.