Mrejesho: Picha za kazi kwa mtu anayekakamaa mbele ya kamera

Wakuu, ni mimi niliyeuliza namna ya kupiga picha ya kazi isiyofanana na ya kitambulisho. Mchana ni mhasibu, jioni naigiza jukwaani, kwa hiyo nilihitaji mbili.

Nimepiga Jumamosi, mtaa wa Shanty Town hapa Moshi. Mliosema niwahi asubuhi, asanteni: saa moja na nusu mwanga ulikuwa laini na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko wazi, ila mpiga picha alikataa kabisa kuuweka mlima nyuma yangu. "Dada, hapa tunauza uso." Akanisimamisha kivulini, akafunga lenzi ya milimita 85, ya kuvuta kidogo kutoka mbali, akasogea nyuma. Kumbe simu ikishikwa karibu ndiyo inayonivimbisha pua!

Nusu saa ya kwanza hakuna cha maana. Tulipiga soga tu kuhusu mtori wa mama, huku anabonyeza. Kisha akasema nifumbe macho, nivute pumzi, niyafumbue nikiitoa. Hiyo ndiyo niliyoichagua kwa ajili ya uigizaji. Ya ofisini nilivaa koti, dakika kumi tukamaliza.

Kosa langu ni shati la mistari myembamba. Kwenye skrini linachezacheza. Nitarudia na la rangi moja.